SOMO: Kutoa seli za 18650 (zile betri ndogo za mviringo zilizo ndani) kwenye betri bovu la laptop na kuzipima (soma yote kabla hujaja inboksi)

Wakuu salama? Naandika hapa mara moja niishi kwa amani, maana inboksi ni swali lile lile kila siku, "mkuu betri la laptop limekufa, seli zake bado zinafaa?" Zinafaa, ila sio zote. Betri la seli sita limeungwa mbili mbili, jozi tatu kwa mstari, na mara nyingi iliyokufa ni jozi moja tu, zingine zinabebeshwa lawama. Tochi yangu mwaka wa tatu huu inakula seli za bure kutoka kwa mafundi.

Mahitaji: mita ya kupimia volti, koleo la kukatia, miwani, tepu, kibao kidogo cha saketi cha kuchajia seli kiitwacho TP4056 na ndoo ya mchanga mkavu. TP4056 chukua ile yenye sehemu sita za kuunga waya, iliyoandikwa OUT+ na OUT-. Ya sehemu nne haina ulinzi, muuzaji atakwambia ni zile zile, mwache aseme.

1. Toka nje, barazani au uwanjani. Sio kitandani.

2. Kufungua ganda. Hapa ndio tulie. Mwaka 2021 niliona plastiki ngumu nikachukua bisibisi bapa nikaikandamiza katikati kama nafungua kopo la rangi, ikapita moja kwa moja mpaka kwenye seli. Ilianza kufoka kama soda iliyotikiswa, moshi mweupe una harufu tamutamu hivi kama ya kutolea rangi ya kucha, nikalipiga teke kwenda barazani na ndipo likawaka. Doa jeusi bado lipo kwenye sementi, mama mwenye nyumba nikimpelekea kodi analitazama kwanza doa ndio ananitazama mimi. Sasa fanya hivi: anzia upande wenye kile kisoketi cha kuchomeka kwenye laptop, ndiko kuna nafasi, ingiza ncha kidogo tu kwenye mshono halafu ZUNGUSHA, usisukume. Na jueni kwamba mwili mzima wa seli ni hasi. Chanya ni kile kitufe cha juu peke yake, na kati yake na ukingo wa hasi kuna kikaratasi na nailoni nyembamba basi. Nailoni ikichanika, bati likigusa kote kuwili, ni shoti. Kwa hiyo vile vibati vinavyounganisha seli kata kimoja, ziba kwa tepu, ndio uende kingine, koleo likikata viwili kwa pamoja utaona cheche ambazo hukuziomba.

3. Yenye kutu, iliyobonyea, iliyovuja au yenye harufu, weka pembeni.

4. Pima volti. Kuanzia 3 safi. Kati ya 2 na 3 ichaji huku unaishikashika, ikipata moto mkononi kwaheri. Chini ya 2 ACHANA NAYO. Shaba ya ndani inakuwa imeanza kuyeyuka, ukiichaji inaganda upya kama visindano na visindano ndio shoti ya ndani kwa ndani.

5. Chaji mpaka 4.2.

6. Iache wiki mbili bila kuitumia, pima tena. Ikishuka chini ya 4.1 inajila yenyewe.

7. Pima ujazo, yaani chaji inayobebwa na seli (mAh), kwa chaja yenye kioo. Iliyoandikwa 2200 ikikupa 1800 shukuru Mungu, chini ya 1000 ni ya tochi ya chooni.

MASWALI

Kijana wa Fasta: Mkuu hizo wiki mbili naweza kuruka? nina haraka

Jibu: Unaweza. Nyumba ni yako.

Bosi Mdogo: Yangu ilisoma 0.4 nikaibana na waya za chaja ya simu moja kwa moja, sasa inasoma 4.0, acha kutisha watu

Jibu: Hatua ya 4. Chaja ya simu inatoa volti 5 na haijui seli imejaa lini. Itoe sasa hivi, ndoo ya mchanga, nje.

Bosi Mdogo: hujanijibu kama inafaa

Jibu: Nimekujibu mara mbili, ya kwanza kabla hujauliza.

Mzee wa Vipimo: Wewe injinia au unabahatisha?

Jibu: Mimi ni mtu mwenye doa barazani. Ukiona kipimo nilichokosea taja, nitarekebisha.

Mama Wawili: Samahani kaka, swali la pembeni. Mwanangu kidato cha kwanza anasoma seli kwenye baiolojia, ameniuliza ndio hizi hizi za betri?

Jibu: Dada hili swali zuri kuliko yote ya leo. Neno ni moja, la Kilatini, maana yake chumba kidogo. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kipande cha kizibo kwa hadubini akaona vyumba vyumba, akaviita hivyo. Ndio hiyo hiyo seli ya mahabusu. Mitandao ya simu nayo imegawa nchi vipande vipande, kila kipande kinahudumiwa na mnara wake, nacho kinaitwa seli. Na mwambie kijana kwamba ya mwilini nayo ina umeme kweli, neva ikiwa imetulia ndani yake ni kama hasi 70 millivolti ukilinganisha na nje. Kidogo sana, ila zipange nyingi kwa mstari kama kwenye betri la laptop uone. Yule kambare wa umeme ndivyo alivyo, ndugu zake wa mto Nile wanafika volti 350.

Mama Wawili: Asante sana, nimemsomea akacheka hapo kwenye mahabusu. Na seli zilizokufa nitupe wapi?

Jibu: Ziba ncha zote mbili kwa tepu, weka kwenye kopo lenye mchanga, mpelekee mnunuzi wa taka za kielektroniki. Usizitie shimoni kwenye taka za kuchoma, zinalipuka.

Mwana wa Ziwa: Huyo kambare sisi Kigoma tunamjua. Nilimkanyaga ndani ya mtumbwi usiku, kasia likaniponyoka. Nilidhani nimerogwa.

Jibu: Ulikuwa miguu mitupu?

Mwana wa Ziwa: Mitupu, na mtumbwi una maji. Siku hizi navaa buti.