Kulaza bomba la biogesi kutoka mtamboni hadi jikoni

Mwongozo huu unamhusu mfugaji ambaye mtambo wake wa biogesi, yaani gesi ya kupikia itokanayo na samadi, umekwisha kujengwa; ni mtambo wa kuba, wa aina iliyoenezwa na CAMARTEC, kituo cha teknolojia ya vijijini cha Arusha. Ujenzi wenyewe mwachie fundi aliyefunzwa kazi hiyo.

Hatua ya 1: Kujaza
Changanya samadi mbichi na maji kwa kiasi sawa, uondoe mabua. Maji yenye sabuni au dawa ya kuogeshea ng'ombe yasiingie, kwa kuwa huua bakteria.

Hatua ya 2: Kulaza bomba
Gesi hutoka mtamboni ikiwa na mvuke, nao ukipoa bombani hugeuka maji yanayotuama palipobonyea. Moto huanza kurukaruka, kisha huzimika ingawa kuba limejaa gesi, na mwenye nyumba huanza kulilaumu jiko. Kwa hiyo bomba liwe na mteremko usiopungua sentimita 1 kwa kila mita, ama kurudi mtamboni, ama kuelekea kwenye mtego wa maji uliowekwa mahali pa chini kuliko pote. Mtego ni tii (kiungo cha bomba chenye umbo la T) iliyoelekezwa chini, yenye kipande cha bomba na koki, ndani ya kishimo chenye mfuniko ambamo mkono unafika bila taabu.

Mteremko usipimwe kwa macho; tumia mpira mwangavu wenye maji, kama waashi wanavyofanya. Shindilia sakafu ya mtaro kabla ya kulaza bomba. Kwa jirani niliyemsaidia mteremko ulionekana sawa, lakini chini ya njia ya mkokoteni udongo ulikuwa umedidimia, na tulipolegeza kiungo cha karibu yalimwagika maji ya kujaza kopo la kilo moja. Mahali kama hapo, bomba la plastiki lipitishe ndani ya bomba la chuma. Mpira wa kumwagilia bustani siukubali hata kwa muda: hulegea kati ya nguzo na kupasuka juani.

Hatua ya 3: Kukagua uvujaji
Paka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Kiberiti kisikaribie.

Hatua ya 4: Kuwasha
Gesi ya kwanza huwa na kabonidioksaidi nyingi na haiwaki. Itoe nje, mbali na moto, ujaribu tena kuba likijaa upya. Mwali ukiwa wa njano na mrefu, ongeza hewa kwenye jiko hadi uwe wa buluu. Mtego umwagwe kila wiki, na koki kuu ifungwe kila usiku.