SOMO: Kupiga risasi shabaha za mabamba ya chuma bila kuumizana (soma kabla hujauliza)

Kila msimu wa joto ndugu zetu walioko Marekani wananiuliza lilelile: "Mkuu, nimepata kipande cha chuma, naweza kukilenga?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nayaweka yote hapa, maana jicho halina spea.

1. Miwani ya kinga yenye alama ya Z87 (kiwango cha Marekani cha kinga ya macho), iliyoziba pembeni, na kinga ya masikio. Kila aliyepo avae, hata aliyekuja kuangalia tu.

2. Nunua bamba la AR500, aina ya chuma kigumu sana. Hiyo 500 ni ugumu wake kwa kipimo cha Brinell. Chuma cha fundi mageti hakifiki hata 200. Unene wa inchi 3/8 unatosha kwa bastola na bunduki nyingi za kawaida. Likatwe kwa maji ya shinikizo au leza. Mkato wa gesi hulainisha kingo kwa joto, na kwa sababu hiyohiyo usichomelee kitu chochote juu yake.

3. Kuning'iniza. Hapa ndipo nilipowahi kukosea: nilifunga boliti kinyumenyume, nati zikatazama upande wetu, na kipande kikanichana kidevu. Risasi ikigonga uso bapa na mgumu, husambaratika, na vipande hukimbia pembeni karibu sambamba na bamba. Ikigonga nati, pembe au mnyororo, hakuna ajuaye vipande vitaelekea wapi. Kwa hiyo boliti iwe ya kichwa laini cha mviringo, na nati ikae nyuma. Bamba liiname mbele, ukingo wa juu ukuelekee wewe, digrii kama 20, ili vipande vingi vishuke ardhini. Libembee likigongwa, lisikazwe kama ukuta. TAHADHARI: usiligeuze bamba lililopinda ukapiga upande wa ndani. TAHADHARI nyingine: pembeni mwa bamba, mkono wa kulia na wa kushoto, asisimame mtu, huko ndiko vipande vinakokwenda.

4. Umbali. Bastola, kuanzia yadi 10. Mashindano ya IPSC (shirikisho la kimataifa la kulenga shabaha) yanakataza kupiga chuma chini ya mita 7, na hao ni watu wenye msimamizi pembeni. Bunduki, kuanzia yadi 100. Risasi inayogonga kwa kasi ya futi 3,000 kwa sekunde huchimba hata AR500.

5. Risasi zenye kiini cha chuma, hapana. M855, risasi ya kijeshi ya ncha ya kijani, hapana. Gololi za chuma za shotigani na za BB (bunduki ya upepo), hapana: hurudi zikiwa nzima.

6. Nyuma kuwe na tuta la udongo.

7. Kagua uso wa bamba kabla ya risasi ya kwanza. Likiwa na kishimo, ufa au limepinda, litoe.

MASWALI

Mtoto wa Tanga: Mkuu, nina diski ya breki ya lori, nene kuliko hilo bamba lako. Bunduki ni AR-15, yadi 20. Si inafaa?

Jibu: Haifai. Soma namba 2 na namba 4.

Mtoto wa Tanga: Mbona jamaa zangu wanapiga hivyo kila Jumamosi na wako salama?

Jibu: Kinachozuia vishimo ni ugumu, siyo unene. Nimeandika kuhusu chuma, sikuandika kuhusu bahati ya jamaa zako.

Bi Mwana: Asante kaka. Sijaelewa jambo moja: kishimo kidogo kina hatari gani, kama bamba lenyewe halijatoboka?

Jibu: Swali zuri sana, dada. Fungulia bomba la maji juu ya sahani bapa, maji yatatawanyika pembeni. Sasa weka kijiko chini ya bomba hilohilo: yanakurukia usoni. Kishimo ndicho kijiko. Kinapokea vipande na kuvigeuza virudi vilikotoka.

Mzee wa Ohio: Kijana, bunduki ndogo ya .22 nayo ina masharti yote haya?

Jibu: Shikamoo mzee. Ndiyo, yote. Ila itengee bamba lake, lisiguswe na bunduki kubwa. Na beba kopo la rangi nyeupe ya kupuliza. Ukipaka kila baada ya raundi utaona kila alama, na vishimo pia vitajionyesha.

Juma Utah: Huku nyasi zimekauka. Kuna shida?

Jibu: Kubwa, kaka. Juni 2012 walenga shabaha wawili waliwasha moto karibu na Saratoga Springs, hapo hapo Utah, na maelfu ya watu wakahamishwa. Mwaka 2013 watafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani walipiga risasi mabamba ya chuma makusudi: zilizoongoza kuwasha moto ni za shaba tupu na zenye kiini cha chuma, kwa sababu vipande vyake hutua vikiwa na joto kali. Safisha eneo chini ya bamba libaki udongo mtupu, uwe na maji na koleo, na kukiwa na katazo la moto kaa nyumbani.

Bi Mwana: La mwisho kaka. Nina mtoto anayenyonya. Lile vumbi la risasi?

Jibu: Lina madini ya risasi, na mtoto ndiye anayedhurika zaidi. Usile wala kunywa pale uwanjani. Ukimaliza, nawa mikono na uso kwa sabuni na maji baridi. Viatu vibaki nje, nguo zifuliwe peke yake. Oga kwanza na ubadili nguo, ndipo umbebe mtoto.