Jinsi ya kupima hofu ya mnyama kwa chakula anachokiacha

Panya wa porini akikuta sinia lenye mbegu zilizochanganywa na mchanga, hazimalizi. Atachakura, atakula zinazopatikana kwa urahisi, na kadiri zinavyopungua ndivyo kila mbegu inavyomchukulia muda zaidi. Mwishowe anachopata hakitoshi kufidia nguvu anazotumia, hatari ya kunyakuliwa na bundi, na mambo mengine ambayo angeyafanya muda huo. Hapo huondoka. Gramu anazozibakiza naziita masazo, na sijapata kipimo kingine cha porini kinachosema mengi hivyo kwa vifaa vichache namna hii.

Mwanaikolojia Joel Brown aliiweka hoja hii katika hesabu mwaka 1988: mnyama huacha kula pale kasi ya mavuno yake inapolingana na jumla ya gharama tatu, yaani nguvu, hatari ya kuliwa, na fursa anazozikosa. Mwongozo huu unakuonyesha namna ya kupima masazo, kisha namna ya kuyaunganisha na swali kubwa zaidi: kwa nini idadi ya wanyama hupanda na kushuka.

Hatua ya 1: Tunga swali la kulinganisha

Sinia moja peke yake halikuambii kitu. Masazo ya gramu 2 ni mengi au machache? Huwezi kujua mpaka ulinganishe na sinia jingine. Kwa hiyo panga masinia kwa jozi: moja chini ya kichaka, la pili mahali peupe, mita 2 au 3 kati yao. Ukaribu huo ndio siri ya mbinu hii. Mnyama yuleyule, mwenye njaa ileile, usiku uleule, hutembelea yote mawili. Gharama ya nguvu na fursa anazozikosa ni karibu sawa, hivyo tofauti inayobaki ni ya hatari. Ukiyatenganisha kwa nusu kilomita utakuwa unalinganisha wanyama tofauti na hali tofauti, na hesabu zote zitakazofuata zitayumba.

Hatua ya 2: Andaa masinia

Mimi hutumia sinia la upana wa sentimita 40, lita 2 za mchanga mkavu uliochekechwa, na gramu 4 za mtama. Mtama uukaange kidogo bila mafuta ili usiote, maana si haki kuacha mimea migeni katika eneo la utafiti. Mchanga ndio unaomfanya mnyama atafute. Ukimwaga mbegu juu ya sinia tupu atazizoa zote, na hutakuwa na cha kupima.

Fanya majaribio machache kabla ya kazi yenyewe. Masinia yakirudi matupu kila asubuhi, ongeza mchanga. Yasipoguswa kabisa, punguza mchanga au subiri. Unatafuta hali ambayo sehemu ya mbegu huliwa na sehemu hubaki.

Hatua ya 3: Wape wanyama muda wa kuzoea

Hapa ndipo watafiti wengi wapya hupoteza data, nami nilipoteza msimu mzima kwa kuanza kuandika namba tangu usiku wa kwanza. Mnyama asiyelijua sinia hula kidogo kwa sababu ya ugeni wa chombo, na ukisoma masazo hayo utadhani ni hofu ya bundi. Weka masinia yenye chakula kila siku, bila kurekodi, mpaka nyayo zionekane katika takriban masinia yote kwa siku kadhaa mfululizo.

Hatua ya 4: Weka jioni, chekecha alfajiri

Lainisha mchanga juu ya sinia na kulizunguka ili nyayo zisomeke. Panya wengi hula usiku, ndege wa mbegu hula mchana. Ukichekecha alfajiri na tena magharibi, utawatenganisha bila kumkamata hata mmoja. Aliyekula mwisho ndiye mwenye masazo, kwa hiyo soma nyayo kabla hujagusa chochote. Kamera inayojiwasha yenyewe husaidia sana mahali penye spishi zaidi ya moja.

Vaa glavu na barakoa. Mkojo na kinyesi cha panya vinaweza kubeba vimelea, na vumbi la kuchekecha huingia puani kirahisi.

Baada ya kuchekecha, ondoa maganda na takataka, kausha mbegu, ndipo upime. Usiruke kukausha. Umande huongeza uzito, na unaweza kukuta sinia lililoliwa kidogo lina gramu nyingi kuliko ulizoweka. Chunguza pia sisimizi: wao hubeba mbegu bila kujali bundi, na sinia walilolivamia liondoe kwenye hesabu.

Sinia lisiloguswa nalo liandike peke yake. Masazo ya gramu 4 yana maana mbili tofauti kabisa: mnyama alifika akaona haifai, au hakufika. Nyayo ndizo zitakazoamua.

Rekodi mbalamwezi. Panya wengi wa jangwani hupunguza kula penye mwanga wa mwezi, na usipoandika hali ya mwezi utaona namba zako zikipanda na kushuka bila kujua sababu.

Hatua ya 5: Geuza gramu kuwa kasi

Kasi ya kula haiongezeki bila kikomo chakula kinapoongezeka, kwa kuwa kila mbegu ina muda wake wa kushikwa na kumenywa. Mwanaikolojia C. S. Holling alilionyesha hili mwaka 1959 kwa jaribio ninalolipenda sana: mtu aliyefungwa kitambaa machoni alipapasa meza kutafuta vipande vya mviringo vya karatasi ya msasa. Vipande vilipozidi, muda mwingi uliishia katika kuviokota badala ya kuvitafuta. Kutoka hapo tunapata:

kasi = aM / (1 + ahM)

M ni chakula kilichopo, a ni uwezo wa kutafuta, h ni muda wa kushughulikia kila gramu. Na muda wote uliotumika kushusha chakula kutoka M0 (kiasi cha mwanzo) hadi M, ambapo ln ni logi asilia, ni:

muda = (1/a) × ln(M0/M) + h × (M0 − M)

Ukiwa na muda kutoka kwenye kamera na masazo kutoka kwenye mizani, katika masinia mengi, unaweza kukadiria a na h. Tuchukue mfano wa kubuni: a ni 0.1 kwa dakika, h ni dakika 2 kwa gramu. Sinia la kichakani limebakiwa na gramu 1, la peupe gramu 2. Kichakani mnyama alikaa kama dakika 20, akaondoka kasi ikiwa gramu 0.083 kwa dakika. Peupe alikaa kama dakika 11, akaondoka kasi ikiwa bado gramu 0.143. Tofauti, gramu 0.06 kwa dakika, ndiyo malipo ya ziada anayoyadai ili akubali kukaa peupe. Umepima hofu kwa gramu.

Usikimbilie kusema kichaka ni salama siku zote. Penye nyoka wanaovizia chini ya majani, matokeo yanaweza kugeuka, na hilo nalo ni matokeo.

Hatua ya 6: Hesabu wanyama kwa njia nyingine

Masazo hayahesabu wanyama. Masazo machache yanaweza kuwa ya mnyama mmoja jasiri au ya kumi wenye njaa. Tumia mitego isiyodhuru, ukiwa na kibali: kamata, weka alama, achia, kamata tena. Ukiweka alama 40, kisha ukakamata 50 na kati yao 10 wana alama, ongeza moja kwa kila namba, na kadirio ni (41 × 51 / 11) − 1, yaani takriban wanyama 189. Kadirio hilo lina maana tu kama muda kati ya kukamata ni mfupi na alama hazipotei.

Hatua ya 7: Unganisha kula na idadi

Fungua lahajedwali (programu ya kompyuta ya majedwali ya hesabu). Safu moja iwe chakula (C), nyingine wanyama (W). Kila hatua ya muda:

W mpya = W + W × (u × e × kasi − m)

Hapa kasi ni ileile ya juu, ila M inakuwa C. E ni kiasi ambacho chakula hugeuka kuwa wanyama wapya, m ni vifo, na u ni sehemu ya muda wa kula ambayo hofu imeiacha. Chakula kiongezee ukuaji wake wenye ukomo (kiwango cha juu ambacho chakula hakikivuki) na utoe kilicholiwa. Idadi ya wanyama inatulia pale chakula kinapofikia:

C = m / (a × (u × e − m × h))

Weka e = 0.1, m = 0.02, a na h kama juu. Bila hofu, u = 1, wanyama wanahitaji chakula cha 3.33. Hofu ikiwanyima asilimia 30 ya muda, u = 0.7, wanahitaji 6.67, mara mbili kamili. u ikishuka hadi 0.4, hakuna kiasi chochote cha chakula kitakachowaokoa, ingawa katika hesabu hii hakuna aliyeliwa hata mmoja.

Hili halibaki kwenye karatasi tu. Mwaka 2011 mwanaikolojia Liana Zanette na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya Kanada kwa ndege waimbao wa spishi ya Melospiza melodia. Walivikinga viota dhidi ya wala-nyama halisi, kisha wakapiga sauti za wala-nyama kwa vipaza sauti. Waliosikia sauti hizo walizaa na kulea makinda pungufu kwa asilimia 40 kwa mwaka.

Tahadhari moja: a uliyoipima ndani ya sinia si a ya pori zima. Kutoka kwenye masinia chukua uwiano kati ya sehemu salama na ya hatari. Ukubwa wenyewe ukadirie kwa data za eneo lote.

Ukimaliza, linganisha mstari wa lahajedwali na idadi ya mitegoni. Vikitofautiana, kagua kwanza u, maana hubadilika kwa misimu, kisha m. Mfano huo wa lahajedwali ukianza kuyumba juu na chini baada ya kuongeza ukomo wa chakula, usidhani umekosea fomula: mwanaikolojia Michael Rosenzweig alionyesha mwaka 1971 kwamba kurutubisha mfumo wa namna hii kunaweza kuuyumbisha mpaka uporomoke. Rudisha ukomo ulipokuwa, kisha upandishe kidogo kidogo, ukiandika ni wapi mawimbi yanaanzia.