Kupima chambo cha sukari chenye sumu ya mbu, Tabora

Yeyusha gramu 10 za sukari na gramu 1 ya asidi ya boriki (ndiyo sumu), ongeza maji hadi mililita 100, tia rangi ya chakula. Chambo cha ulinganisho kiwe hivyohivyo, bila sumu. Asali imejaa Tabora, lakini iache: utamu wake hubadilika ndoo kwa ndoo.

Mbu 25 kila kizimba, washinde kwa maji tu saa kadhaa. Pamba ilowe chambo bila kudondosha, ama utahesabu waliozama. Miguu ya meza isimame kwenye makopo ya maji; sisimizi hubeba hata mizoga.

Hesabu vifo saa 24 na 48, maana sumu hii ni ya polepole. Tumbo lisilo na rangi? Huenda hakula. Vifo vya ulinganisho vikizidi asilimia 20, rudia jaribio.