Kulaza na kuamsha miunganisho ya wateja katika libmicrohttpd

Seva iliyojengwa ndani ya programu kwa libmicrohttpd, maktaba ya C ya kuunda seva za HTTP, mara nyingi huwa na uzi (thread) mmoja unaohudumia wateja wote. Ombi moja likingoja jibu la hifadhidata kwa sekunde tano ndani ya fanksheni yako, wateja wengine wote nao wanangoja sekunde tano. Dawa yake ni kuulaza muunganisho huo, yaani kuusimamisha kwa muda, kwa `MHD_suspend_connection`, kuwaachia wengine nafasi, kisha kuuamsha kwa `MHD_resume_connection` jibu likiwa tayari.

Anza na `MHD_start_daemon`: weka `MHD_USE_INTERNAL_POLLING_THREAD | MHD_ALLOW_SUSPEND_RESUME`. Ukisahau hiyo ya pili, maktaba huona kosa mara ya kwanza unapolaza, na kwa kawaida huua programu nzima papo hapo. Kwa `MHD_USE_THREAD_PER_CONNECTION` usihangaike: mbinu hii haikukusudiwa hali hiyo, na kila mteja ana uzi wake unaoweza kungoja bila kumkera mwenzake.

Kulaza ni salama sehemu mbili tu: ndani ya fanksheni inayopokea maombi, au ndani ya ile inayotoa data ya jibu. Kuamsha unaweza kufanya kutoka uzi wowote.

Katika fanksheni ya maombi, tunza hali ya ombi kwenye `*req_cls`, kielekezi ambacho maktaba hukutunzia kwa kila ombi. Laza kwanza, ndipo uukabidhi kazi uzi mwingine, halafu rudisha `MHD_YES` bila kupanga jibu. Mpangilio huu usiugeuze. Uzi wa kazi ukiwa mwepesi, utaamsha muunganisho ambao bado haujalazwa, na hapo tabia ya maktaba haitabiriki. Muunganisho ukiamka, fanksheni ileile huitwa tena na `*req_cls` ileile. Hapo ndipo unapoita `MHD_queue_response`. Kama hukuandika mahali kwamba kazi imeshatumwa, utaulaza upya na mteja atangoja milele.

Penye mitego zaidi ni jibu linalotiririka, mfano matukio yanayosukumwa kwenye kivinjari. Unaliunda kwa `MHD_create_response_from_callback` na urefu `MHD_SIZE_UNKNOWN`. Fanksheni ya data ikirudisha 0 bila kulaza, maktaba huiita tena na tena, na prosesa inachapa kazi 100% bila tija. Basi laza muunganisho, lakini chini ya kufuli (mutex, inayoruhusu uzi mmoja tu kwa wakati). Hapa `Mteja` ni muundo wako wa kumtunza mteja mmoja, `con` ni muunganisho wake, na `toa_foleni` na `weka_foleni` ni fanksheni zako za foleni yake:

```c
static ssize_t
soma (void *cls, uint64_t pos, char *buf, size_t max)
{
  struct Mteja *m = cls;
  ssize_t n;

  pthread_mutex_lock (&m->kufuli);
  n = toa_foleni (m, buf, max);
  if (0 == n && m->mwisho)
    n = MHD_CONTENT_READER_END_OF_STREAM;
  else if (0 == n)
  {
    m->amelala = 1;
    MHD_suspend_connection (m->con);
  }
  pthread_mutex_unlock (&m->kufuli);
  return n;
}
```

Na upande wa anayeleta data:

```c
pthread_mutex_lock (&m->kufuli);
weka_foleni (m, data, urefu);
if (m->amelala)
{
  m->amelala = 0;
  MHD_resume_connection (m->con);
}
pthread_mutex_unlock (&m->kufuli);
```

Kukagua foleni, kuweka alama na kulaza lazima viwe ndani ya kufuli moja. Ukilifungua katikati, data inaweza kuingia baada ya wewe kuona foleni tupu na kabla hujalaza. Hakuna atakayeamsha, na ujumbe utakaa hadi ujumbe mwingine uje. Hitilafu hii haionekani ukijaribu na kivinjari kimoja. Hujitokeza seva ikielemewa. Alama ya `amelala` pia inakukinga usiamshe mara mbili, na usiguse `m->con` iliyokwisha kufutwa, kwa sababu muunganisho uliolala haufutwi.

Muunganisho uliolala una tabia nyingine ya kuzingatia: muda wa `MHD_OPTION_CONNECTION_TIMEOUT` hauhesabiwi, na mteja akikata muunganisho maktaba haijui. Wakati huohuo bado unahesabiwa kwenye kikomo cha miunganisho, ambacho unaweza kukibadilisha kwa `MHD_OPTION_CONNECTION_LIMIT`, na hugawanywa kati ya nyuzi ukitumia `MHD_OPTION_THREAD_POOL_SIZE`. Wateja waliokwisha ondoka wanaweza kuijaza seva mpaka isipokee mtu. Kwa hiyo kila sekunde 15 hivi weka kwenye foleni mstari mtupu wa maoni, `:\n\n`, kisha uamshe muunganisho. Uandishi ukishindikana, maktaba itaufunga na kuita fanksheni uliyoiweka kwa `MHD_OPTION_NOTIFY_COMPLETED`. Hapo mwondoe mteja kwenye orodha kwanza, chini ya kufuli la orodha, ndipo uachilie kumbukumbu yake.

Ukiendesha mzunguko wako mwenyewe wa kusubiri soketi kwa `select`, badala ya uzi wa maktaba, baada ya kuamsha ita `MHD_run` na `MHD_get_timeout` kabla ya `MHD_get_fdset`, la sivyo muunganisho utakwama mpaka kitu kingine kitokee mtandaoni.

Kuzima seva kukiwa na waliolala ni kosa la matumizi. Ita `MHD_quiesce_daemon` kuzuia wageni wapya, weka `mwisho` kwa kila mteja ili `soma` isilaze tena, amsha wote wenye `amelala`, kisha `MHD_stop_daemon`. Soketi iliyorudishwa na `MHD_quiesce_daemon` uifunge mwenyewe baada ya hapo.