Mbio za baiskeli na ramani juu ya lava
Wanaopanga mbio za baiskeli za kusaka vituo kwa ramani hapa Goma: kibao cha ramani kifungwe kwenye usukani na kiweze kuzungushwa, ramani ielekee uendako bila kusimama. Dira msiitegemee peke yake. Lava ina madini ya chuma, sindano yaweza kupotoka. Tazameni njia panda na kuta za mawe.

Waandaaji, pimeni kila njia kwa baiskeli, si kwa miguu, ndipo mchore ipi ni ya kasi na ipi ni ya kusukuma. Mawe ya lava ya milipuko ya volkano Nyiragongo ya 2002 na 2021 yanachana matairi, kwa hiyo tyubu ya akiba ni lazima. Na tafadhali, kituo kisikae chini ya mteremko wa chukudu, lile baiskeli la mbao la kubebea mizigo: likishuka na mzigo halisimami ghafla.