Somo: Kupiga komedi ya mapenzi jikoni mwa mgahawa, kwa simu

Wapendwa, somo hili ni kwa mnaotengeneza filamu fupi hapa Dodoma. Jikoni panafaa komedi ya mapenzi kwa sababu chakula hakisubiri. Wawili wakigombana sebuleni watanuna hadi kesho. Jikoni ugali unaungua na wateja wanaita.

Hatua ya 1: Skripti. Anzeni na ugomvi wa kazi, mapenzi yafuate. Mfano: binti wa Mvumi anapika ugali wa uwele na mlenda alivyofundishwa na bibi yake. Anaajiriwa kijana wa Tanga, kila chungu anataka kutia nazi. Jiko ni moja. Siku ya kwanza anaiondoa sufuria ya binti motoni aweke yake. Siku nyingine binti yuko mezani kwa wateja, mlenda unapanda, kijana anapunguza moto, anakoroga, anarudi kwenye nazi yake kimya. Binti anaukuta mwiko umehama mahali. Hapo mtazamaji keshaelewa, "nakupenda" ya nini? Kurasa 10 za skripti ni kama dakika 10 za filamu.

Hatua ya 2: Mahali. Mgahawa mdogo wa Majengo au Makole unatosha, ila msiende saa saba mchana. Kibali cha Bodi ya Filamu kiombeni mapema.

Hatua ya 3: Sauti. Hapa ndipo filamu nyingi zinapoharibika. Zimeni feni na friji, kisha wekeni funguo za pikipiki ndani ya friji; hamtaondoka bila kuiwasha tena. Maneno yarekodiwe majiko yakiwa yamezimwa. Kitunguu kikiingia kwenye mafuta ya moto, rekodini sauti yake peke yake, simu ikiwa karibu, mje muichanganye baadaye. Upepo wetu mnaujua: fungeni mlango.

Hatua ya 4: Picha. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo wekeni fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde, taa za tyubu zisichezecheze. Dirisha likae nyuma ya sufuria, mvuke utaonekana wenyewe.

Hatua ya 5: Pigeni picha kila sahani kabla ya kurudia sini (tukio), ili chakula kionekane vilevile, na pikeni ziada.

MASWALI

Swali (dada wa Kondoa): Shikamoo mwalimu. Mwigizaji wangu ni mke wa mtu, hataki kushikwa mkono. Nifanyeje?
Jibu: Marahaba mdogo wangu. Asishikwe. Kijana aonje mchuzi wa binti, anyamaze, aongeze chumvi kidogo, naye binti asikatae. Kwa wapishi hilo ni jambo kubwa kuliko kukumbatiana.

Swali: Nataka kuchekesha kwa kumwaga sufuria nzima ya ugali. Inafaa?
Jibu: Hapana, kaka. Watu wa huku wanaijua miaka ya ukame. Chakula kikimwagwa hawacheki, wanasikitika. Cheko litoke kwenye kiburi: kijana anatia nazi kwenye mlenda kwa siri, mzee wa Kigogo anaonja, wote jikoni wanachungulia mlangoni, mzee anaomba bakuli la pili. Binti anakasirika kuliko mlenda ungerudishwa.

Swali: Muziki je?
Jibu: Zeze na marimba vinafaa sana. Mtafuteni mpigaji mwenyewe, mlipeni, muandikishiane. Msichukue wimbo wa mtu mtandaoni.